Watasema

Mbwa wangu anaitwa Watasema.
Jina alimpa Subilaga, mwaka tuliohamia Uyole,
majirani walipokuwa wakihesabu miaka ya ndoa yetu
na kuchungulia kamba ya nguo, haina nepi.
Kila jioni alisimama mlangoni akaita,
"Watasema! Watasema, njoo ule!"
na mtaa mzima ukasikia.

Alikula tulichokula.
Makoko yaliyong'ang'ania sufuria, vichwa vya dagaa,
mchuzi wa maharage uliolala,
na mwezi wa tatu, magunzi ya mahindi mabichi,
akiyashika kwa miguu miwili kama mpiga filimbi.
Miaka tisa. Subilaga akatangulia, mbwa akabaki.

Mwaka huu akaanza kujikuna.
Alijikuna mashine ikinguruma, alijikuna ilipozimwa.
Usiku wa baridi ya Juni nilimsikia chini ya dirisha,
mguu ukigonga ubao, ko, ko, ko,
kama mtu aliyekuja kudai.
Manyoya yakamtoka mgongoni.

Daktari wa mifugo, kijana Gwakisa,
buti zake safi kuliko sahani zangu,
akafunua sikio, akanusa, akasema:
"Mwili wake umeikataa nafaka.
Mahindi, ngano, mchele, hata pumba. Basi, mzee."
Nikacheka. Nyuma yangu kinu kilikuwa kinakoboa.
Daktari, nikamwambia, hapa ni Uyole.
Hapa mvua yenyewe ikinyesha
huuliza kwanza mahindi yamefika wapi.

Chakula nilikifuata Mwanjelwa, duka la ghorofani.
Mfuko unang'aa, umechorwa mbwa mwenye meno yote.
Kondoo, viazi vitamu, mafuta ya samaki wa bahari ya barafu.
Kisicho na punje, na kimekatwa kuwa punje!
Kilo tatu. Bei niliipima kwa kipimo ninachokijua:
madebe manne ya mahindi, na chenji haikurudi.

Maelekezo: siku ya kwanza, robo kipya, robo tatu cha zamani.
Siku ya nne, nusu kwa nusu.
Siku ya kumi, kipya kitupu.
Nikachanganya kwa mwiko wa marehemu.
Watasema akachambua kama karani wa ushirika:
ugali akala,
punje za dukani akaziacha ukingoni mwa bakuli,
zimepangwa.

Mfuko niliuficha nyuma ya magunia.
Maana Jumamosi huja mama Atupele na kifagio chake,
anafagia unga ulioanguka sakafuni.
Wa kuku, husema.
Sijawahi kuuliza kuku wangapi.
Akanusa, akauliza, "Kinachonuka samaki ni nini?"
Nikasema, mbolea.
Mbolea! Na ulimi haukudondoka.

Siku ya kumi na sita alikuwa anakula vyote.
Na bado anajikuna.
Nikakaa juu ya gunia, nikamtazama mchana kutwa.
Unga unashuka kutoka darini, mwepesi,
unatua masikioni, kwenye nyusi,
mbwa wa kahawia amekuwa mweupe kama mimi,
naye anageuza shingo kivivu
anajilamba, upande mmoja, kisha wa pili.
Mahindi. Mahindi ya mtaa mzima, bila kulipa.

Gwakisa hakuuliza analala wapi.
Nami sikumwambia.

Sasa ana kibanda ng'ambo ya uzio, penye viazi.
Manyoya yanarudi, mabaka mabaka.
Jioni nazima mashine, najikung'uta,
najikung'uta tena, kope, mikunjo ya suruali,
ndipo namsogelea na bakuli.
Naita. Sauti yangu haifiki ilikofika ya mwenzangu.
Mtaa haugeuki; walishachoka kusema.
Anakuja mbwa.

Jumamosi nilimpimia mama Atupele kilo mbili,
za kwenye mzani, si za kufagia.
Akanitazama.
"Za kuku?"
"Za kuku."